Mwezi wa Saba Usimwagilie

Kila mtu huku kwetu alimwita Metroni, hata pasta, hata watoto ambao hawajawahi kulala bwenini. Jina lake la kuzaliwa nililiona mara moja tu, limeandikwa kwenye kadi ya kliniki, na nikaona haya kana kwamba nimemkuta akioga. Kwa hiyo hapa pia atabaki Metroni.

Alikuwa metroni wa shule ya wasichana huku juu kwenye vilima vya Mbooni, na mimi nililala katika bweni lake miaka minne, kitanda cha juu cha deka, karibu na dirisha lisilo na kioo kimoja. Alipostaafu alinunua kipande cha shamba chini tu ya uwanja wa shule. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo hakuna kengele ya kumwamsha. Wakati huo mimi nilikuwa nimeolewa huku huku na ninafundisha shule ya msingi, basi tukawa majirani, tumetenganishwa na uzio wa kayaba yenye miiba. Nilipata watoto watatu, nikapanda cheo nikawa naibu wa mwalimu mkuu, na bado akiniona barabarani aliita kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni, "Wewe wa deka ya juu, kuja hapa!" Nami nilikwenda mbio.

Metroni alipanda maua ya joto mahali pa baridi. Ndiyo njia fupi ya kumweleza. Baridi yetu, najua, si baridi ya kutishia mtu. Lakini Julai ukungu unashuka asubuhi na kukaa, jua halionekani mpaka saa sita, siku nyingine halionekani kabisa, na watoto darasani huvaa soksi mikononi. Mtu anaweza kukaa mwezi mzima hajakauka vizuri. Hapo ndipo Metroni aliweka bogainvilia, haibiskasi, frangipani, na mengine ambayo majina yake aliyabuni mwenyewe. Yote yalikaa nje. Kuingiza ua ndani ya nyumba aliona ni kama kumfungia ng'ombe sebuleni.

Kati ya yote hayo lilikuwepo moja. Shina lake lilikuwa limefura chini kama chungu, matawi mafupi yametawanyika bila mpango, na maua yake mekundu yalitoka wakati mti hauna jani hata moja, jambo lililowafanya wapita njia wafikiri mtu ameyabandika. Utomvu wake ni sumu, mbuzi hawalisogelei. Kule Ikutha alikotoka linaota lenyewe kwenye mawe. Alipopanda vilima kuja kazini huku, msichana bado, alilileta likiwa kijiti, amelifunga ndani ya leso pamoja na vyeti vyake. Sikumsikia akilitaja kwa jina. Alisema "ua ya kwetu," basi, na kila mtu alijua ni lipi.

"Siku hii ua itakufa," aliniambia mara nyingi, akiligonga shina kwa kidole, "hapo nitajua nimekaa huku sana."

Alisema hivyo akicheka, lakini mimi sikuwahi kucheka naye. Kulikuwa na kitu kwenye kile kidole.

Kazi yake ya kuyavusha maua kwenye baridi ilianza Juni mwanzoni, na ilikuwa na utaratibu wa bweni. Alihamisha vyungu vyote upande wa ukuta unaotazama Machakos, kwa sababu miezi hiyo jua husogea huko, na Septemba akavirudisha. Chini ya kila chungu aliweka mawe meusi aliyoyaokota mwenyewe. Yakipata jua la saa nane yalikaa na joto mpaka jioni. Jua likizama aliyafunika maua kwa mablanketi ya zamani ya shule, yale ya kijivu yenye mstari mwekundu, ameyakata vipande na kushona kingo. Asubuhi ukungu ukipanda aliyafunua, moja moja, akilisema kila moja kwa makosa yake. Mimi niliyewahi kujifunika blanketi la namna hiyo nilikuwa nikimwangalia kupitia kayaba na kuona wivu kidogo. Hatukuwahi kufunikwa hivyo.

Sheria yake kubwa ilikuwa ya maji. Kuanzia Juni mpaka mvua ya Novemba ikaribie, ua la kwao halikupewa hata tone. Majani yalianguka, matawi yakabaki mifupa, yeye akapita na mtungi bila kuligeukia. "Baridi peke yake haijaua mtu," alisema. "Inaua ikiwa na maji." Ndiyo maana alitukataza kuosha nywele Julai. Mwenyewe alioga maji baridi kila alfajiri ya maisha yake, na ukimuuliza alisema yeye si ua wala si mwanafunzi.

Alikuwa na mambo mengi ya namna hiyo, ambayo hayakukaa pamoja. Alihesabu vipande vya sabuni vya wasichana mpaka vile vyembamba, lakini aliyefiwa wakati wa muhula alipewa na Metroni viatu vyake mwenyewe vya kuendea mazishini. Alikataa kabisa kukata ua. Maharusi walikuja na mama zao, wakabembeleza, wakarudi mikono mitupu na hotuba. Halafu mtoto wa mlinzi wa shule akafa kwa homa, na asubuhi ya mazishi tulimkuta Metroni juu ya stuli na kisu cha jikoni, amekata bogainvilia yote mpaka ikabaki fimbo. Aliyabeba yale maua kwa beseni, akayamwaga kwenye kaburi, akarudi kuosha beseni.

Na kanisani je? Mwaka mmoja wa ukame pasta alihubiri juu ya watu wanaonywesha maua huku akina mama wamepanga foleni kisimani. Wote tuligeuka kumtazama Metroni. Yeye ndiye aliyesema "Amina" kwa sauti kubwa kuliko wote. Kesho yake alimpelekea mke wa pasta chungu cha haibiskasi na onyo kwamba akilimwagilia maji kabla ya Septemba atakuwa amemwaibisha mumewe. Pasta hakurudia mahubiri hayo.

Sasa nifike kwenye geti, maana nimekuwa nikilizunguka. Kila mwaka mablanketi yalipotoka, Metroni alizungushia geti lake mnyororo na kututangazia, "Baridi ikiingia mimi siko. Mtaniona Novemba." Sababu alizotoa zilibadilika. Mara wageni wanaacha mlango wazi. Mara wageni wana huruma ya kijinga, wakiona ua limekauka wanalimwagilia. Watu walisema ni maringo, na wengine walisema mwanamke aliyekaa na wasichana mia nne kwa miaka mingi hivyo ana haki ya kunyamaziwa. Mimi nilisema ni haki yake. Nilipita pale kila siku nikienda shuleni, nikaona mnyororo, nikatembea.

Lakini nilisikia. Kayaba si ukuta. Kila asubuhi Metroni alipiga simu Ikutha kwa mpwa wake, mwanamke anayeuza nafaka sokoni, na swali lilikuwa lile lile: jua limewaka? Akikata simu alivuta kibao, akakaa mbele ya ua la kwao na kulipasha habari, kwa Kikamba cha kule chini. Leo kwetu kumepambazuka kweupe. Leo mbuzi wametafuta kivuli mapema. Leo upepo ni wa moto. Alisema polepole, blanketi mabegani, ukungu umemzunguka, na akimaliza hakusimama. Agosti ilikuwa mbaya zaidi kwa sababu shule ilifungwa na kengele haikulia. Niliwahi kumwona saa nne ya asubuhi bado amekaa pale, kikombe mkononi, hanywi. Niliingia ndani kwangu kimya kimya nisije nikamwaibisha. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Mwaka jana Juni mguu wake ulivimba. Alificha chini ya soksi mbili mpaka siku aliposhindwa kuinua chungu. Mpwa wake akaja kumchukua ili awe karibu na hospitali ya Mutomo, na Metroni, ambaye hakuwahi kuondoka Mbooni wakati wa mablanketi, akakaa kwenye gari na mfuko mapajani akinipa maagizo dirishani.

"Funika jioni. Funua ukungu ikipanda. Maji hapana."

"Sawa, Metroni."

"Hata ikikuangalia vibaya. Maji hapana."

"Nimesikia. Ufunguo wa geti uko wapi?"

"Ufunguo wa nini? Si unaona hakuna kufuli."

Nilitazama. Mnyororo ulikuwa umezungushwa tu mara mbili, na ncha imetundikwa kwenye msumari. Miaka yote hiyo.

Wiki tatu za kwanza nilitii. Nilifunika, nikafunua. Ua la kwao liliangusha majani moja moja, kisha yote. Ngozi ya shina ikaanza kukunjamana. Kila asubuhi nililikuta limesimama kwenye ule ukungu, kavu, uchi, na mimi nimeshika mtungi kwa ajili ya kuku. Nataka mwelewe mimi ni mtu wa wapi. Nililelewa kule chini upande wa Kalawa, kwenye mito ya mchanga, ambapo unachimba kwa kikombe mpaka maji yajitokeze na unangoja zamu yako. Mgeni akiingia kwetu, kabla hujamuuliza habari umempa maji. Mti ukikauka mbele yako na una mtungi mkononi, kuondoka ni roho mbaya. Nilijua sheria ya Metroni, ningeweza kuikariri kengele ikilia. Mkono haukuijua.

Nilianza na kikombe kimoja. Kesho yake cha pili. Na kwa kuwa kulikuwa na baridi, niliyapasha maji moto kidogo kwanza, yasije yakalishtua.

Jioni Metroni alipiga simu. "Umeweka maji?"

"Hapana, Metroni."

Nilimdanganya hivyo wiki mbili, mtu mzima, naibu wa mwalimu mkuu. Nilisogea karibu nalo pia, nikaketi kwenye kibao chake na kuliongelesha. Nilitazama kwenye simu hali ya hewa ya Ikutha na kulisomea, nikiona haya, huku nikichungulia kayaba. Shina likanyooka ngozi, likajaa, nikafurahi. Nilijiambia Metroni alikuwa mkali kupita kiasi, kama siku zote. Halafu asubuhi moja nililigusa na kidole kikazama. Kulikuwa na harufu ya viazi vilivyosahauliwa kwenye gunia.

Nililia palepale, kweli, kwa sababu nilisikia ile sauti yake: siku hii ua itakufa. Alikuwa mgonjwa, mbali, na nilikuwa nimemuua mwenzake kwa maji ya uvuguvugu. Na hapo, nikiwa nimepiga magoti kwenye mawe yake meusi, jambo jingine likanijia ambalo lilinikaa vibaya zaidi. Tangu aondoke sikuwa nimekwenda kumwona hata mara moja. Nilijiambia ni Julai, na Julai Metroni hataki wageni.

Shule zilipofungwa nililifunga ua katika blanketi lake, pamoja na chungu, nikapitia miji ya Wote na Kibwezi. Nilifika Ikutha nimeshavua sweta na ninatafuta kivuli.

Alikuwa amekaa nje ya nyumba ya mpwa wake, juani kabisa, mguu juu ya debe. Alikuwa amepungua. Shingo ilikuwa nyembamba ndani ya kola, lakini macho yalinihesabu kuanzia viatuni kama zamani. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mawe, na kwenye mawe, huku na huku, bila chungu wala blanketi, yalikuwapo yale maua. Yalikuwa kwenye nyufa, nyuma ya choo, kando ya zizi, yote hayana jani na yote mekundu. Kuku walipita chini yake. Hakuna aliyeyatazama.

"Wewe wa deka ya juu," alisema. "Leo ni Agosti."

"Najua, Metroni."

"Na umekuja."

"Nimekuja na kitu kibaya, mwaitu, mama yangu."

Nililifunua. Aliweka kidole gumba chini ya shina, akabonyeza, kikazama. Akapanda juu kidogo, kikazama. Mpwa wake alisimama mlangoni na sufuria.

"Uliweka maji."

"Niliweka. Yalikuwa na moto kidogo."

"Na moto?" Alimgeukia mpwa wake. "Umesikia? Huyu ameipikia chai."

Akacheka. Alicheka mpaka akakohoa, mpwa akamshika mgongo, na mimi nikabaki nimesimama na blanketi mikononi, nikitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Ulikuwa unasema siku litakufa utajua umekaa huko sana," nikamwambia, kwa sababu nisingeweza kuondoka na neno hilo moyoni.

"Mimi husema vitu mingi." Alifuta macho. "Lakini ni ukweli. Nilikaa sana." Akaendelea kupanda na kidole. "Ulikuwa unaingia kila siku?"

"Kila siku, kabla ya shule."

"Unafunika tu unatoka?"

"Nakaa kidogo. Nilikuwa naliambia vile jua imewaka huku."

Kidole kilisimama. Alitazama mawe.

"Sasa hiyo miaka yote," alisema, "si ungeingia uniambie mimi."

"Ulisema tusije, Metroni. Ulifunga geti."

"Nilisema, ndiyo. Niliwaambia pia msiongee taa ikizimwa. Mlinyamaza? Niliwaambia msiruke fensi kwenda kununua mandazi. Mliacha?" Hakupandisha sauti. "Hiyo moja ndio mkaamua kutii."

Nilikaa chini kwenye vumbi kando ya debe lake, nikashika ule mguu uliovimba, na hakunifukuza.

Baada ya muda aliomba kisu. Juu kabisa kulikuwa na tawi moja ambalo kidole hakikuzama. Alilikata hapo ambapo nyama ilikuwa nyeupe na ngumu, akafuta utomvu kwa kipande cha gazeti, akanipa. Nilisema niliache kule kwao, lakini alionyesha mawe kwa kidevu. Pale yalikuwa mengi.

"Iweke kivulini wiki mbili, kidonda ikauke. Halafu mchanga mtupu. Na Julai ikikuja uione imekauka, imekuangalia vibaya, mkono ikuwashe..." Alinitazama vizuri. "Hapo panda gari ukuje huku uniwekee mimi chai."

Nilikwenda tena Desemba, nikamwekea. Alilalamika sukari ni kidogo. Mei mwaka huu, mvua zikiisha, mpwa wake alinipigia simu asubuhi, na kabla hajasema nilijua, maana tangu Agosti aliyekuwa akinipigia saa hizo siku zote alikuwa Metroni mwenyewe. Tulimzika Ikutha karibu na yale mawe. Wasichana wengi wa zamani walikuja, wanawake wazima na watoto wao, na tulipopanga mstari kaburini tulijikuta tumejipanga kwa vitanda vya bwenini.

Tawi lilishika. Novemba lilitoa majani manne, na Juni hii limeyaangusha. Liko ukutani kwangu, upande wa Machakos, juu ya jiwe lake moja jeusi, na jioni nalifunika. Leo asubuhi ukungu haukutaka kupanda. Nililifunua, nikaona ngozi imekunjamana, na sikujua jagi limefikaje mkononi mwangu. Nilisimama nalo mpaka vidole vikafa ganzi. Gari la Ikutha lipo, lakini sina wa kumwekea chai huko.

Nilimwaga yale maji kwa kuku. Nilipogeuka nikaliona geti langu. Mnyororo wa Metroni alinipa mpwa wake tulipohamisha vitu, na tangu Juni nimeuzungushia pale mara mbili, nikisema ni kwa sababu upepo hulipigapiga. Watoto wangu wako mbali, na baba yao alishatangulia. Ni wiki tatu sasa hakuna mtu aliyeingia hapa, na nilikuwa nimejiambia ni baridi tu. Nilivaa viatu, nikashuka kwenye umande, nikautoa mnyororo.